Mpango wa msitu wa miaka kumi: tupange kwa hali ya hewa ipi, na kwa watu gani?

KatibuMsitu

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu wa misitu.

Mimi ni katibu wa kamati ya msitu wa jamii. Mpango wetu wa usimamizi unaisha muda wake na tunatakiwa kuandika mwingine wa miaka kumi. Huu unaoisha niliukuta. Kila nikiusoma napata wasiwasi uleule: umeandikwa kana kwamba mvua itanyesha vilevile siku zote na watu watabaki walewale.

Hali yenyewe ni hii. Msitu ni wa asili, wa ukanda wenye kiangazi kirefu. Upande wa juu kuna kipande cha misonobari iliyopandwa zamani, yote rika moja. Mvua za kwanza siku hizi zinachelewa, na zikija zinamwagika kwa kishindo halafu zinakata. Moto unaingia karibu kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi. Ukiutazama msitu kwa mbali utasema mzima, maana miti mikubwa ipo. Ukiingia ndani ndipo unaona kasoro: miti ya unene wa mkono au wa paja hakuna. Kuna mikubwa na kuna majani, katikati hakuna kitu.

Kwa upande wa watu, vijana waliokuwa wanafanya doria wengi wamehamia mjini. Wamekuja wafugaji na wakulima wapya ambao hawakuwepo sheria ndogo zilipopitishwa. Wanawake wanaookota kuni ndio wanaoujua msitu kila siku, lakini kwenye kamati wako wachache na sauti zao hazifiki mbali. Mahitaji ya mkaa nayo yanapanda.

Kamati imegawanyika. Kundi la kwanza linataka tufunge msitu wote, asiingie mtu, utajiponya wenyewe. Kundi la pili linataka tupande mti mmoja unaokua haraka na kuvumilia ukame, tumalize kazi. Mimi sijaridhika na upande wowote, ila sina hoja za kutosha za kusimama nazo mbele ya mkutano. Unaandikaje mpango wa miaka kumi wakati hujui mwaka wa saba utakuwaje?

---

MzeeWaMiti

Katibu, umeanza pale ambapo wengi hawatazami, yaani miti midogo. Nimekuwa afisa misitu hadi kustaafu, na mtu akiniuliza msitu wake unaelekea wapi, siangalii juu. Mti mkubwa unakusimulia hali ya hewa ya wakati ulipokuwa mche. Miche ndiyo inayokusimulia ya leo. Kwa hiyo msitu wenu umekwisha kutoa taarifa, na nafurahi kuna mtu ameisikia.

Nianze na kundi la mti mmoja, maana hoja yao inavutia na ndiyo yenye hatari zaidi. Waeleze habari ya Ulaya ya kati. Kwa vizazi vingi wenye misitu Ujerumani na nchi jirani walipanda mti uitwao sprusi karibu kila mahali, kwa kuwa unakua haraka, umenyooka, na mbao zake zina soko. Asili ya mti ule ni milimani kwenye baridi na unyevu. Wao wakauteremsha mabondeni, na kwa muda mrefu ukawalipa vizuri. Mwaka 2018 ukaja ukame, ukafululiza hadi 2020. Sprusi ina mizizi ya juujuu. Ikikosa maji inashindwa kutoa utomvu wa kutosha, na utomvu ndio silaha yake dhidi ya wadudu wanaotoboa gome. Joto nalo likawapa wadudu nafasi ya kuzaa vizazi vitatu kwa msimu mahali walipokuwa wakizaa viwili. Kufikia mwanzoni mwa 2021 Ujerumani ilikuwa imepoteza miti kwenye eneo la karibu hekta 500,000. Na kwa kuwa kila mwenye msitu alikuwa anakimbiza magogo yaliyokufa sokoni kwa wakati mmoja, bei ya mbao ikaanguka. Wakakosa msitu, na fedha ya kuotesha mwingine nayo ikawa haba.

Kanada, jimbo la British Columbia, waliona jambo linalofanana na hilo kwenye misonobari yao ya asili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mdudu wa gome alipita kwenye zaidi ya hekta milioni 18. Majira ya baridi hayakuwa makali tena kiasi cha kuua funza walioko chini ya gome. Pia misonobari ilikuwa mingi, mizee, ya rika moja, kwa sababu moto ulikuwa umezimwa kwa miongo mingi. Angalia kile kipande chenu cha juu kwa jicho hilo. Hakijaugua, lakini rika moja la aina moja maana yake likija janga moja linakomba yote. Anzeni kupunguza miti sasa, iliyobaki ipate maji na mwanga, na kwenye nafasi zinazofunguka ziacheni aina za asili ziingie.

Sasa kundi la kufunga. Hao nia yao ni njema na ninawaheshimu, lakini msitu wa kiangazi kirefu haukai bila moto kwa kupigwa marufuku. Marekani walijaribu. Mioto mikubwa ya 1910 iliteketeza zaidi ya hekta milioni 1 kule magharibi, nao wakaapa kuzima kila moto. Mwaka 1935 wakaweka kanuni kwamba moto wowote uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Misitu ya misonobari iliyozoea moto mdogo wa kutambaa chini ikajaa vichaka na matawi makavu, na leo moto ukiwaka unapanda hadi vileleni na kuua hata miti iliyokwisha kuhimili mioto mingi huko nyuma.

Kinyume chake ni kaskazini mwa Australia, eneo la Arnhem Land. Tangu 2006 wenyeji wa asili wa pale wanaendesha mradi mkubwa wa kuchoma mapema, mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na ubichi ndani. Moto wa wakati huo ni mdogo, unazimika wenyewe usiku umande ukishuka, na unaacha mabaka yaliyoungua na yasiyoungua. Moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukija unakuta njia imekatika. Ni ujuzi wa mababu zao, ulikuwa umedharauliwa, ukarudishwa.

Kuhusu miti ya katikati iliyokosekana: kabla hamjanunua mche hata mmoja, ingieni msituni mkatazame chini. Miti mingi ya misitu ya miombo ina tabia ambayo mgeni haijui. Chukua mninga. Mche wake unaota, unatoa kijishina, kiangazi kikifika kijishina kinakauka au kinaungua. Mtu anasema umekufa. Mzizi uko hai, unanenepa. Mwaka unaofuata unatoa kijishina kingine, nacho kinakwenda vilevile. Unaweza kuishi hivyo kwa miaka mingi hadi mzizi upate akiba ya kurusha shina moja refu kwa nguvu, gome lipate unene, ndipo moto wa kawaida hauliwezi tena. Moto mkali ukija kila mwaka bila kupumzika, siku hiyo haifiki. Kwa hiyo tafuta machipukizi madogo kwenye majani, fukua udongo taratibu kwa vidole hadi shingo ya mzizi. Ukikuta mzizi wa unene wa kidole gumba chini ya kijishina chembamba kama njiti, furahi. Msitu wenu wa baadaye upo tayari, uko chini ya ardhi unasubiri kupewa nafasi.

Nafasi hiyo mnaweza kuitoa. Gaweni msitu katika vitalu. Kitalu kimoja au viwili vilindwe na moto kabisa kwa miaka mitatu minne, kwa kuchoma mapema pembezoni na kusafisha mkanda wa kuzuia moto. Machipukizi yakishapita kimo cha mtu na gome likaanza kuwa gumu, mnahamia kitalu kingine.

---

Mama_Kitalu

Mzee kasema vizuri, mimi niongeze kwenye mbegu, maana huko ndiko ninakoshinda.

Katibu, kama kutakuwa na sehemu za kupanda kweli, zile zilizochoka ambazo hata visiki hazina, usikubali miche ambayo mwenye kitalu cha miche hawezi kukuambia mbegu zake zilitoka wapi. Wengi huokota chini ya mti mmoja uliozaa sana karibu na barabara. Miche yote inakuwa ndugu wa mama mmoja. Ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote. Utaratibu mzuri ni kukusanya kwenye miti mama isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 hadi 100, na kuchanganya mbegu kwa kiasi sawa. Ni kazi, najua. Mkiwapa wanawake wa kuni kazi hiyo kwa malipo mtashangaa, kwa sababu wao tayari wanajua mti gani unazaa mwezi gani.

Jambo la pili ni kuchanganya mbegu kutoka sehemu yenye joto na ukavu kidogo kuliko kwenu, aina ileile ya mti. British Columbia aliyoitaja Mzee ilibadilisha kanuni zake mwaka 2018. Sasa mbegu inachaguliwa kwa kulinganisha hali ya hewa ya ilikotoka na ile inayotarajiwa itakakopandwa. Zamani ukaribu ndio uliokuwa kigezo. Msichukue yote kutoka nje lakini. Sehemu kubwa ibaki ya hapohapo, sehemu ndogo itoke pakavu, muandike alama na kuzifuatilia. Na iwe mbegu safi, isije na udongo wala miche mizima kutoka mbali. Kule Marekani ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa New York mwaka 1904, ulioingia na miche ya kigeni, uliangamiza miti ya chesnati mabilioni. Msitu ulipoteza mti wake mkuu ndani ya nusu karne.

Ila kwanza visiki. Kisiki hai kina mizizi ya mti mzima chini yake, hakuna mche wa kitalu utakaoshindana nacho. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, punguza mengine, pogoa, basi. Wakulima wa Niger, upande wa Maradi na Zinder, wamerudisha miti kwenye mashamba yenye ukubwa wa karibu hekta milioni 5 kwa njia hiyo, tangu miaka ya 1980, kwa gharama ndogo kuliko ya upandaji wowote. Kilichofungua mlango ni mkulima kuanza kuhesabiwa kuwa mwenye mti. Ulipokuwa mti wa serikali, alikuwa anaung'oa ukiwa mdogo ili usimletee matatizo.

---

Mkaa_na_Kuni

Naheshimu wote waliotangulia, ila mnamwonea yule wa mti mmoja. Watu wanapika kila siku. Ukiwaambia wasubiri mninga unenepe mzizi, watakata hata huo mzizi. Mikaratusi inatoa nguzo na kuni ndani ya miaka michache. Kama hakuna pa kukata, hakuna msitu utakaolindwa, iwe kwa doria ama kwa kuomba.

---

MzeeWaMiti

Ndugu yangu, hapo nakuunga mkono, tena kwa moyo wote. Msitu usiompa mtu kitu hauna mtetezi. Neno langu ni mahali tu. Miti ya kukua haraka ikae nje ya msitu wa asili, mipakani mwa mashamba na kwenye maeneo yaliyochoka, mbali na chemchemi na kingo za mito. Mikaratusi inanyonya maji mengi. Afrika Kusini wana mpango wa taifa tangu 1995 wa kung'oa miti ya kigeni kwenye vyanzo vya maji kwa sababu hiyohiyo. Na hata huko iwe aina mbili tatu, isiwe moja.

Mkaa nao unaweza kutoka kwenye msitu wa asili bila kuuua, mkikata kwa vitalu vidogo vya zamu, mkaacha miti ya mbegu na ya mbao, mkakata shina chini likiwa limechongwa mshazari ili maji yasituame kwenye kisiki, kisha mkakipumzisha kitalu hadi machipukizi yawe miti. Linaloua ni kukata huku na huku bila zamu, halafu moto juu yake.

---

BintiWaKamati

Mmezungumza miti sana. Mimi niliwahi kuwa mwenyekiti wa kikundi cha watumiaji msitu, na nilichokiona ni kwamba mipango mingi huvunjikia kwa watu kabla mvua haijafanya lolote.

Tazameni Nepal. Sheria yao ya 1993 iliwapa wanavijiji mamlaka juu ya misitu, na leo vikundi vya watumiaji ni zaidi ya 22,000. Uoto wa misitu ulirudi kutoka karibu robo ya nchi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu asilimia 45 kufikia 2016. Ni mafanikio makubwa. Lakini humohumo vijana wakaondoka kwenda kufanya kazi nje, mashamba ya milimani yakaachwa, msitu ukasogea hadi mlangoni, majani makavu yakalundikana, wanyama wakasogelea makazi. Mipango iliyoandikwa wakati tatizo lilikuwa uhaba wa miti ikajikuta mbele ya tatizo la uhaba wa watu. Ureno ililipa zaidi. Vijiji vya ndani vilibaki na wazee, mashamba yakageuka vichaka, misonobari na mikaratusi ikajaa bila mtu wa kuipunguza. Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, wengi wao wakiwa barabarani wanakimbia.

Kwa hiyo Katibu, vijana wenu wameondoka, msiandike mpango unaotegemea doria za vijana. Hesabuni nani yupo. Wapo wanawake, wapo wazee, wapo hao wafugaji wapya. Mfugaji anayepita msituni kila siku anaona moto na kisiki kibichi kabla ya mgambo yeyote. Akiwa mwanachama ni jicho lenu, akiwa mvamizi kwenye karatasi zenu ni jicho lililofumbwa. Shinyanga, Tanzania, kuanzia 1986 programu ya serikali ya kurudisha miti ilijengwa juu ya ngitili, maeneo ambayo Wasukuma walikuwa wakiyatenga tangu zamani kwa malisho ya kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi, kwa kuwa mfugaji alikuwa analinda majani ya ng'ombe wake na mti ukapona pembeni yake. Watengeeni wenzenu malisho yenye mpaka na msimu wake, ndani ya mpango.

Na sheria ndogo zipitishwe upya, wageni wakiwemo kwenye kikao. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii nyingi zilizotunza mali ya pamoja kwa muda mrefu. Alikuta watumiaji wenyewe wanaruhusiwa kubadilisha kanuni, walinzi wanawajibika kwa watumiaji, na adhabu inaanza ndogo ikipanda kwa anayerudia. Mtu wa kosa la kwanza akipigwa faini ya kumfilisi, kesho anakata usiku.

---

KatibuMsitu

Mzee, shikamoo. Mama Kitalu, dada, na ndugu wa mkaa, asanteni sana. Jana nilikwenda na akina mama wawili kwenye kitalu cha mashariki, tukafukua kama Mzee alivyoelekeza. Tulikuta mizizi. Mahali pengine minene, mahali pengine hakuna kabisa hasa karibu na njia ya mifugo. Mmoja wao akasema amekuwa akiviona vijishina hivyo kila mwaka na hakujua kama kuna mtu angetaka kujua.

Limebaki moja. Nikiandika kwenye mpango kwamba "kamati itabadilika kulingana na hali", mkutano utasema ni maneno matupu, na wakaguzi watasema hivyohivyo. Nalifanyaje liwe kitu cha kushikika?

---

MzeeWaMiti

Marahaba Katibu. Huyo mama mweke kwenye kamati ya upimaji kabla ya yote.

Kuhusu swali lako, usiandike "kulingana na hali". Andika dalili, andika kitakachofanyika dalili ikionekana, andika nani ana mamlaka ya kukifanya. Chagueni viwanja vya sampuli vya kudumu kwenye kila kitalu, vyenye alama ya mawe, mkipima wakati uleule wa mwaka: machipukizi mangapi yamepita goti, mangapi yamepita kimo cha mtu, ya aina gani. Halafu mpango useme wazi: kama baada ya mapumziko ya moto machipukizi hayajapita goti, kitalu kinaongezewa muda na mifugo inaelekezwa njia nyingine. Kama aina moja imetoweka kwenye miche ya viwanja vingi huku miti yake mikubwa ipo, inaanza kukusanyiwa mbegu na inajaribiwa sehemu yenye unyevu zaidi, na nafasi yake kavu inaachiwa aina inayoota yenyewe. Sehemu hii itawauma wazee wenzangu. Upo mti tulioukuta tukiupenda na hautarudi pale ulipokuwa. Msitumie nguvu zenu zote kuulazimisha.

Tarehe za kuchoma mapema msizitaje kwa mwezi. Zitajeni kwa hali ya majani: yakiwa ya njano juu na mabichi shinani, asubuhi au jioni, upepo ukiwa mdogo. Mwezi utahama, majani hayatawadanganya.

Kwa watu fanyeni hivyohivyo. Kila mwaka mhesabu walioshiriki doria na mikutano, wanawake, wanaume, wageni. Wakishuka chini ya idadi mtakayokubaliana, kamati iwe na wajibu wa kuitisha mkutano mkuu na kupunguza eneo la doria au kubadili malipo, badala ya kuendelea kuandika doria ambazo hazikufanyika. Na katikati ya muhula, mwaka wa tano, mpango wote usomwe upya mbele ya mkutano ukiwa na vipimo vya viwanja, wenye haki ya kubadilisha vipengele wakiwa ni mkutano huo huo.

Ukishapata hesabu ya viwanja vya kwanza, iweke humu na ramani ya vitalu, hasa vile vya karibu na njia ya mifugo. Nataka kuona kama mizizi imekosekana kwa kukanyagwa au kwa sababu miti ya mbegu ilikwisha kukatwa upande ule. Dawa zake ni tofauti.